Fleti yenye maegesho katika mji mdogo: "paking ipo" ina maana gani hasa?

Tangazo likisema "fleti ya vyumba viwili, paking ipo", usifurahi bado. Maneno hayo mawili ya mwisho yanaweza kumaanisha nafasi yenye namba yako chini ya paa. Yanaweza pia kumaanisha ua unaogombewa na kaya nane, au ukingo wa barabara mbele ya jengo ambao mwenye nyumba hamiliki hata sentimita moja. Zote ni paking, na zote zipo. Tofauti utaiona siku ya kwanza utakaporudi usiku umechoka, mvua inanyesha, na mahali ulipoambiwa ni pako pamekaliwa.

Nimehama mara nne nikiwa na gari, mara tatu kati ya hizo ndani ya miji midogo, na mara mbili nilikosea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo siku hizi kabla ya kuuliza jiko likoje au maji yanatoka saa ngapi, nauliza swali moja: gari la mtu mwingine likikutwa kwenye nafasi yangu, nani ana uwezo wa kuliondoa, na itachukua muda gani? Jibu la swali hilo ndilo ninalolipia kodi. Paa, geti na sakafu nzuri vinakuja baadaye.

Kwa nini mji mdogo si jiji lililopunguzwa

Jijini maegesho ni bidhaa: yana bei, yana kadi, yana mlinzi wa kukuandikia faini. Katika mji mdogo mara nyingi ni mazoea tu. Jengo lilijengwa enzi ambazo wapangaji wawili au watatu ndio waliokuwa na gari, hakuna aliyechora mistari, na kila mtu "anajua" pake. Mpangaji wa siku nyingi anaegesha chini ya mti, yule wa juu anaegesha karibu na ngazi, na nafasi inayoitwa ya wote ina wenyewe kumi kabla yako. Mgeni anayeingia na mkataba wake mkononi anapambana na mila ambayo haijaandikwa popote.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mji mdogo una ardhi. Mita 200 kutoka kwenye jengo lisilo na ua huenda kuna kiwanja kilichozungushiwa ukuta, nyuma ya duka au karakana, ambacho mwenyewe hajawahi kufikiria kukikodisha hadi umwulize. Na umbali ni mfupi: kilomita moja ni kama dakika 12 kwa miguu. Kwa hiyo jiulize kwanza kama unahitaji gari mlangoni, au unahitaji tu mahali salama pa kulilaza. Anayeendesha saa moja kwa siku anaacha gari limesimama saa 23. Unapanga chumba cha gari lililolala.

Nafasi yenye namba dhidi ya ua wa pamoja

Hapa ndipo wengi wanapochagua vibaya, kwa sababu siku ya kuonyeshwa nyumba vyote viwili vinafanana. Dalali anakuleta saa tano asubuhi, ua mtupu, ndege wanalia. Bila shaka ni mtupu. Watu wako kazini. Rudi saa tatu usiku siku ya kazi, kisha rudi tena Jumapili jioni, uhesabu magari. Halafu hesabu fleti. Jengo la fleti nane lenye nafasi sita linaweza kwenda vizuri kabisa wakiwa na magari matano, na kila mpangaji atakuapia kwamba hapana shida. Anahama mmoja asiye na gari, wanaingia wanandoa wenye mawili, na amani yote imekwisha bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Ua wa pamoja una faida yake, nisiunyime haki. Kodi huwa nafuu zaidi, mgeni wako akija anapata pa kusimama, na kama unarudi mapema kila siku utapata mahali pazuri bila kulipia ziada. Mwalimu anayefika nyumbani saa tisa alasiri hana sababu ya kulipia namba. Muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku anayo, tena kubwa. Ratiba yako ya kurudi ndiyo inayoamua, si ukubwa wa ua.

Nafasi yenye namba nayo ina mitego. Kwanza, pima. Nchi nyingi huchora nafasi ya upana wa mita 2.4 hadi 2.5 na urefu wa mita 4.8 hadi 5. Gari la ukubwa wa kati lina upana wa kama mita 1.8 bila vioo vya pembeni, na karibu mita 2 ukivihesabu. Nafasi ya mita 2.2 kati ya nguzo mbili itakutosha kwenye karatasi tu. Tazama pia nyuma yake: kuingia kwa pembe mraba bila kuhangaika kunataka njia ya upana wa kama mita 6, na kwenye ua mwembamba wa nyumba za zamani hukuti hata 4. Utaingia, lakini kwa kwenda mbele na nyuma mara tano, kila siku, majirani wakikutazama dirishani.

Pili, uliza kama nafasi yako iko mbele au nyuma ya ya mtu. Zipo nafasi zilizopangwa kwa foleni, gari moja limeziba jingine, na kila moja ina namba yake safi iliyopakwa rangi. Nilikaa mwaka mzima kwenye mpangilio huo. Mimi nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri. Jirani aliyeniziba alikuwa anarudi kazini saa nane usiku na kulala kama gogo. Tulikuwa tunaelewana, hatukuwahi kugombana, na suluhisho letu likawa kupeana funguo za akiba. Kwa hiyo kila alfajiri nilikuwa nikianza siku yangu kwa kuendesha gari la mtu mwingine, nimevaa ndala. Namba nilikuwa nayo. Uhuru wa kutoka sikuwa nao.

Banda lenye mlango, au paa bila kuta?

Banda la gari linapandisha kodi kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii, na linapendeza machoni. Mlango unafungwa, hakuna wa kukuvamia, swali langu la mwanzo linajibiwa na kufuli. Lakini mabanda mengi ya majengo ya zamani yalijengwa kwa magari ya zamani, na magari yamenenepa. Niliwahi kuchukua lenye upana wa mita 2.3 kwa ndani. Gari liliingia vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyeshindwa kutoka. Mlango unahitaji nafasi ya kama sentimita 60 ili mtu mzima ashuke bila kujikunja, na baada ya kulibana gari ukutani upande wa abiria nilibakiwa na 40 hivi. Nilitokea kwenye buti mara mbili, ya tatu nikaligeuza banda kuwa stoo na gari likalala nje. Nililipia banda mwaka mzima ili kutunza maboksi.

Somo lililonigharimu: nenda na gari lako mwenyewe, si la dalali, uliingize, ufungue mlango, ushuke, ufunge banda. Kama una mtoto wa kumfunga kwenye kiti cha nyuma, jaribu na hilo. Inachukua dakika tano, na mwenye nyumba anayekataa jaribio hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna mambo mawili mengine kuhusu banda ambayo watu hawayafikirii. Gari likiingia limelowa na banda halina pa kupitisha hewa, unyevu unabaki humo na kutu inakuja upesi kuliko kama lingelala nje likapigwa na upepo. La pili ni zito zaidi: moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Banda lililoungana na nyumba, au lililo chini ya chumba cha kulala, lisiwashwe gari likaachwa linaunguruma hata kama mlango uko wazi. Ukiona mlango wa ndani kati ya banda na sebule haufungi sawasawa, hiyo ni sababu tosha ya kuomba urekebishwe kabla hujasaini.

Kwa maoni yangu, paa lililosimama juu ya nguzo bila kuta ndilo linalotoa faida kubwa kwa pesa ndogo. Linazuia jua, ambalo ndilo adui mkubwa wa dashibodi na rangi. Gari lililofungwa juani linaweza kuvuka nyuzi 50 za joto ndani. Paa hilo pia linapitisha hewa. Mlango wa gari unafunguka. Kinachokosekana ni kufuli tu, na kwenye ua wenye geti linalofungwa kweli, kufuli la pili halina kazi kubwa. Tahadhari pekee ni wale wanaoita mti "kivuli". Mti ni kivuli, lakini utomvu wake na kinyesi cha ndege wake hula rangi ya gari kikiachwa siku kadhaa, na tawi kavu halitoi taarifa.

Maegesho ya chini ya jengo ni machache kwenye miji midogo, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Angalia kimo cha mlango (mengi huishia mita 2 au 2.1, na gari lenye kichanja juu ya paa halipiti), angalia ukali wa mteremko, na tafuta alama ya maji ukutani. Mvua kubwa ikija, maji hukimbilia chini, na chini ndiko gari lako liliko.

Barabarani

Ni bure, na kwenye mji mdogo bure hiyo inaweza kuwa ya kweli. Mitaa mingine ina nafasi tele mwaka mzima. Kasoro ni kwamba hakuna anayekuahidi. Halmashauri ikiamua kuchora mstari, kuweka mita za malipo au kuugeuza mtaa kuwa wa njia moja, mwenye nyumba hana la kukurudishia kwa sababu hakuwahi kukupa kitu. Chunguza siku ya soko au ya mchezo, soma vibao vyote hadi vile vilivyofichwa na matawi, na usihesabu nafasi zilizo jirani na makutano: nchi nyingi zinakataza kuegesha hapo, ndani ya mita 5 au 10 kutegemea sheria ya mahali, hata kama wenyeji wote wanafanya hivyo.

Kisha kuna bima. Kampuni nyingi huuliza gari linalala wapi usiku, na jibu hubadilisha malipo. Ukihama kutoka banda kwenda barabarani, waarifu. Aliyesema gari linalala ndani wakati linalala mtaani anaweza kukataliwa fidia siku ya wizi, na hapo nafuu yote ya kodi imeliwa kwa usiku mmoja.

Fleti bila maegesho, na nafasi ya kukodi pembeni

Hili ndilo chaguo ambalo wengi hawalitazami kabisa, kwa sababu wanachuja matangazo kwa neno "paking" na kuzitupa fleti nzuri zisizo nalo. Mji mdogo una fleti chache zilizo wazi kwa wakati mmoja. Ukichuja hivyo unabaki na mbili, na zote mbili mwenye nyumba anajua huna pa kwenda.

Tufanye hesabu bila sarafu. Kodi ya fleti yenye nafasi tuiite 100. Fleti inayofanana nayo isiyo na nafasi iko kwenye 85, na nafasi ya kukodi umbali wa mita 300 ni 7. Jumla 92, umeokoa 8. Sasa lipa kwa miguu: mita 300 ni kama dakika 4, kwenda na kurudi 8, kwa siku 25 za mwezi ni dakika 200, zaidi ya saa tatu. Je, hizo 8 zinatosha kufidia saa zako tatu? Kwa kijana mwenye begi moja, pengine ndiyo anapata faida na mazoezi juu. Kwa mwenye watoto wawili wadogo na vifurushi vya sokoni, hizo dakika nne zinakuwa kumi na tano, na ningelipa 100 bila kuuliza.

Hatari ya njia hii ni mikataba miwili isiyoishia siku moja. Fleti umefunga mwaka, nafasi ya gari unalipa mwezi kwa mwezi, na mwenye kiwanja akiamua kujenga, umebaki na nusu. Omba muda wa notisi ulingane kwenye mikataba yote miwili, au angalau upewe miezi miwili.

Kwa anayetaka kuona yote kwa mkupuo:

| Aina | Anayeweza kumwondoa mvamizi | Gari linalalaje | Namshauri nani |
|---|---|---|---|
| Nafasi yenye namba, wazi | Mwenye nyumba, kama mkataba unasema | Jua na mvua | Anayerudi usiku |
| Chini ya paa, ndani ya geti | Mwenye nyumba | Vizuri | Karibu kila mtu |
| Banda | Wewe, kwa ufunguo | Vizuri, kama lina hewa na upana | Mwenye gari dogo au vifaa vya kazi |
| Ua wa pamoja | Hakuna | Bahati ya siku | Anayerudi mapema |
| Barabarani | Polisi au halmashauri, wakipenda | Vibaya | Asiyetegemea gari kila siku |
| Nafasi ya kukodi pembeni | Mwenye kiwanja | Inategemea ukuta | Asiye na mizigo |

Sentensi mbili za mkataba

Linganisha hizi. Ya kwanza: "Mpangaji anaruhusiwa kuegesha gari uani." Ya pili: "Mpangaji ana haki ya kutumia peke yake nafasi namba 4, iliyooneshwa kwenye mchoro uliobandikwa hapa, kwa muda wote wa upangaji." Ya kwanza ni ruhusa, na ruhusa haina deni, ua ukijaa, umeruhusiwa kuegesha mahali pasipokuwepo. Ya pili ni haki, na anayekukodisha ana wajibu wa kuilinda. Tofauti ni maneno manne tu: *haki*, *peke yake*, *namba*. La nne ni *mchoro*, kwa sababu namba zinafutika na jengo likipakwa rangi upya, nafasi 4 inaweza kuamka imekuwa 6.

Ongeza swali la nani anapigiwa simu mvamizi akiingia na atafanya nini. Ongeza gari la pili, pikipiki, na gari la kazi lenye maandishi ubavuni, maana wapo wenye nyumba wasioyataka. Soma kama kuna kifungu cha mafuta yanayovuja: doa moja la oili kwenye sakafu mpya limewahi kumeza amana za watu. Piga picha ya sakafu ya nafasi yako siku unayoingia, kama unavyopiga picha ya kuta za sebule.

Kama gari lako ni la umeme, au unafikiria kununua, mpangilio mzima wa jedwali lile unageuka. Soketi ya kawaida ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 230 inatoa kilowati 2.3. Ukichomeka saa 10 za usiku unapata kama kilowati-saa 23, na kwa gari linalokula 15 hadi 20 kwa kilomita 100 hizo ni kilomita 115 hadi 150, zaidi ya mahitaji ya siku ya mkazi wa mji mdogo. Kwa hiyo huhitaji mtambo wa gharama. Unahitaji soketi iliyofungwa na fundi, yenye waya unaohimili mzigo wa usiku kucha, inayopita kwenye mita yako. Nafasi wazi yenye soketi inalishinda banda lisilo nayo. Kamba ya umeme iliyoteremshwa kutoka dirisha la ghorofa ya pili si mbadala, hata jirani akikuambia amefanya hivyo miaka mitatu.

Pa kuanzia kutafuta

Mtandaoni utakuta kidogo. Kwenye mji mdogo fleti nzuri huhama kwa mdomo, kabla tangazo halijaandikwa, kwa hiyo tembea. Jioni moja ya kupita mitaa kwa miguu inakuonyesha mtaa wenye magari yaliyopandishwa hadi juu ya njia ya watembea kwa miguu, na ule ambao nafasi zake zinakaa wazi hadi usiku. Zungumza na mpangaji anayetoa takataka, si yule dalali aliyekuandalia. Muulize, "Jana uliegesha wapi?" Ukimwuliza kama paking ipo atakujibu ipo, kama tangazo.

Na ukifika hatua ya kusaini, mwenye nyumba akasema namba haina haja ya kuandikwa, "sisi hapa tunaaminiana", usibishane naye. Mwambie sawa, lakini basi unataka bei ya fleti isiyo na maegesho. Mara mbili nimesema hivyo. Mmoja alichukua kalamu akaandika namba palepale. Mwingine alishusha kodi, na tofauti hiyo ikalipia kiwanja cha jirani hadi nilipohama.